Kliniki ya ngozi iliyomtibu mwanangu mapunye: nyota nne

Miezi mitatu nilimpaka mwanangu krimu ya mchanganyiko yenye steroidi (dawa ya kutuliza wekundu na uvimbe, isiyoua fangasi) niliyouziwa duka la dawa mtaani. Wekundu ukapoa, nikashangilia, kumbe mapunye yanatambaa kuelekea nyuma ya sikio. Jirani akashauri kitunguu saumu. Kilimuunguza mtoto bure.

Ndipo nikampeleka kliniki ya ngozi hapa Morogoro. Tulifika saa moja asubuhi, tukaitwa saa tano kasoro, na benchi ni moja tu. Hapo nawakata nyota.

Ila maabara yao! Dada alikwangua magamba kichwani kwa kisu butu, akang'oa vinywele vilivyokatika, akavidondoshea potasiamu haidroksaidi, kemikali ya kulainisha magamba na unywele ili fangasi waonekane, akasubiri kidogo, kisha akaniita: "Mama Juma, njoo uchungulie." Kwenye darubini nikaona vidude vya mviringo vimejaa unyweleni kama shanga. Mwili ulinisisimka.

Daktari akanieleza kwa upole kwamba fangasi wa kichwani hukaa ndani ya unywele wenyewe, krimu haimfikii, dawa ni ya kumeza. Akaandika griseofulvini ya wiki nane, inywewe na chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze vizuri. Kwetu ikawa kikombe cha maziwa yasiyoenguliwa kila asubuhi. Halafu akauliza: nani mwingine anatumia kitana hicho? Dada yake, ambaye naye alikuwa anajikuna, nami nikidhani ni mba.

Wiki ya sita nywele zilianza kuota. Nyota ya tano nitaitoa wakinunua benchi la pili.