Siku 12 za paramota Mambrui: uzoefu wangu

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Malindi. Niliposikia kuna mwalimu anafundisha paramota, yaani kuruka kwa bawa la kitambaa ukiwa na mashine ya propela mgongoni, kwenye mchanga wa Mambrui, nilijua nusu ya kazi ninayo tayari, maana mashine yenyewe ni tustroki ya kuchanganya petroli na oili, ndugu yake zile ninazozifungua kila siku ufuoni. Hesabu yangu haikuwa sawa. Mashine niliielewa siku moja. Bawa lilikula siku saba kati ya 12 nilizolipia, na siku hizo saba ndizo ninazozisifu kuliko zote.

Kabla ya kufika kwake nilikutana na mtu aliyetaka kuniuzia paramota kuukuu na kunifundisha kwa siku mbili. Mashine haikuwa mbaya. Nikalikunjua bawa: kitambaa kimepauka kwa jua, na uzi mmoja umepigwa fundo pale ulipokatika. Zile nyuzi nyembamba ndizo zinazombeba mtu, na kila moja ina urefu wake. Ukiipiga fundo inafupika, bawa linavutika upande. Nikamrudishia mali yake.

Mwalimu wa Mambrui alinipokea mwezi wa Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, upepo ukiwa mpole. Siku ya kwanza mashine ilibaki garini. Tulitandaza bawa juu ya mchanga, nikavaa mikanda, nikaambiwa nilisimamishe. Likapanda, likanipita kichwani, likaanguka mbele yangu. Mara ya pili likaanguka kulia. Mpaka saa nne asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka na mchanga umeniingia hata masikioni.

Aliyewahi kushika demani, ile kamba ya tanga la mashua, ataelewa haraka ninachosema. Breki za bawa, zile kamba mbili za mkononi, husemi nazo kwa nguvu, unazisikiliza kwa vidole. Upande ukilegea, kamba inakuwa nyepesi mkononi kabla jicho halijaona kitu. Bawa likienda kushoto, unalifuata kwa miguu kushoto, unaingia chini yake, kisha ndipo unavuta kidogo. Mwalimu alikataa kabisa kunivika mashine mpaka niweze kutembea dakika tano bawa likiwa juu, macho yangu yakitazama mbele. Siku ya nne nilimwambia nimechoka kuchezea mchanga. Akanijibu, “Bwana fundi, hapa ukikosea unapangusa suruali. Kule juu utapangusa nini?” Nikanyamaza, nikarudi kwenye bawa.

Ilipofika zamu ya mashine ndipo nilipoelewa kwa nini majeraha mengi ya paramota ni ya mikono, na mengi hutokea mtu akiwa bado chini, anawasha. Sisi propela yetu iko ndani ya maji, mbali na mwili. Hii iko nyuma ya mgongo wako, na uzio wake ni wa nyavu tu. Eksileta ikiwa imekwama wazi, mashine inaruka mbele mara inapowaka, na mtu kwa silika anaikinga kwa kiganja. Alinifundisha kukagua eksileta kwanza, kupiga kelele ya onyo, kuushika mwili wa mashine kwa mkono ulionyooka na imara, halafu ndipo nivute kamba. Oili tulipima kwa kikombe chenye alama, kama kitabu cha mashine kinavyosema. Mimi nimezoea kukadiria kwa jicho, na hapo nilibadilika.

Siku ya tisa, nikiwa nimevaa kila kitu, karibu kilo 25 mgongoni, mwalimu alinisimamisha kwa redio. Mkanda wa paja la kushoto ulikuwa haujafungwa. Nilikuwa nimeufungua dakika tano nyuma nikatoe kokoto kwenye kiatu. Ningeruka hivyo, ningening'inia upande mmoja bila njia ya kukaa. Tangu siku hiyo ninagusa kila kifungo kwa mkono na kukitaja kwa sauti: paja, paja, kifua, kofia, parachuti ya akiba. Hata kama nimekagua sasa hivi, nikivua kitu kimoja naanza upya.

Kuruka kwenyewe ni hatua kama ishirini za mbio, kisha miguu inakanyaga hewa. Onyo lilikuwa moja: nisivute breki kwa pupa ili nipande upesi, kwa sababu bawa likipoteza mwendo linaacha kubeba. Nikaona mikoko, vilima vya mchanga, na yale maji mekundu ya Sabaki yakiingia baharini na kukataa kuchanganyika na bluu. Nililia kidogo. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sikuwahi kuuona mto wangu hivyo.

Siku ya kumi na moja aliniamuru nizime mashine nikiwa juu. Watu wengi huogopa hapo, wakidhani mashine ikizima unaanguka. Bawa halianguki, linateleza. Kwa kila mita moja ya kushuka linakwenda mbele kama mita sita hewa ikiwa tulivu. Kwa hiyo ukiwa na mita mia, unachagua pa kutua ndani ya mita mia sita, na hesabu hiyo unaifanya kabla ya kuondoka juu ya nchi kavu. Asubuhi upepo wa umande ukitoka bara kwenda baharini, zile mita sita zinapungua ukirudi. Wavuvi wetu huutumia kutoka. Sisi ndio unaotusukuma tusikotaka.

Hapo ndipo penye lawama yangu. Tulijifunza ufukweni, na vesti ya kuelea haikuwepo mpaka nilipoidai siku ya nane. Mashine mgongoni na nyuzi zikikuzunguka mwili, kina cha kiuno kinatosha kuzamisha mtu anayejua kuogelea. Vesti ya kujijaza yenyewe inapolowa inapaswa kuwa mwilini tangu mashine inapovaliwa. Mwalimu alikubali, akaazima moja, na nasikia sasa anazo mbili. Anahitaji zaidi.

Jingine ni muda. Tuliruka alfajiri na jioni tu, kwani mchana jua linarusha hewa juu na upepo wa bahari unavurugika nyuma ya mivinje na vilima vya mchanga. Siku tatu hatukuruka kabisa kwa mvua na upepo. Anayetoka Nairobi kwa likizo fupi ajue hilo kabla ya kulipa. Kila asubuhi pia mwalimu alipiga simu uwanja wa ndege wa Malindi kwanza, na bila jibu lao bawa lilibaki ndani ya mfuko.

Gharama ilikula akiba yangu ya mwaka na nusu, na ningeilipa tena. Mashine yangu bado sijanunua. Nimenunua bawa tu, lililokaguliwa, na jioni ninalipeleka Mambrui na mdogo wangu. Yeye yuko siku ya tatu. Bado linamwangukia kulia.