Fetoskopu ya Mninga: Tathmini ya Mkunga wa Kigoma Baada ya Zamu na Mwanafunzi Mgeni

Kwa muda mrefu nimetaka kuandika tathmini ya kifaa ambacho wakunga wenzangu wengi wamekifungia kabatini tangu vipimo vya betri vya kusikilizia moyo wa mtoto vilipoingia katika wodi za wazazi. Kifaa hicho ni fetoskopu ya mti, ile pembe fupi yenye mdomo mpana upande mmoja na kisahani chenye tundu upande wa pili, ambayo mkunga huitumia kusikiliza moyo wa mtoto angali tumboni. Umbo lake tumelirithi kwa daktari wa uzazi wa Ufaransa, Adolphe Pinard, aliyelitoa mwaka 1895, na halijabadilika sana tangu hapo. Yangu ilichongwa kwa mninga na fundi seremala wa Tabora, akifuata mfano wa ile ya plastiki niliyompelekea, nami nimeitumia miaka sita katika kituo cha afya kilicho jirani na ziwa hapa Kigoma.

Kilichonifanya nishike kalamu ni zamu moja niliyofanya na binti wa Uingereza, mwanafunzi wa ukunga wa mwaka wa tatu, aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Kwao mwanafunzi kwa kawaida hutakiwa awe amewazalisha wanawake 40 kabla ya kuhitimu, kwa hiyo mikono yake haikuwa migeni kwa kazi. Kigeni kwake kilikuwa chumba cha uchungu kisicho na mlio wa mashine.

Tulipokea ripoti saa 1:30 asubuhi, wanawake wanne wakiwa katika uchungu. Mmoja wao, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa amefika kutoka Mwandiga na mama mkwe wake. Tulimwomba ruhusa ahudumiwe na mwanafunzi chini ya usimamizi wangu, akakubali baada ya kumwona mgeni akipiga goti kidogo na kumwambia mkwewe, "Shikamoo, bibi," naye bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu."

Saa 5 asubuhi umeme ulikatika, na kipimo cha betri alichokuja nacho mwanafunzi kikaishiwa chaji. Nikampa fetoskopu yangu. Aliisimika karibu na kitovu, akainama, akahesabu, kisha akanitazama kwa hofu na kusema amepata mapigo 84. Hofu yake ilikuwa ya haki, kwa sababu mtoto aliye tumboni tunatarajia moyo wake upige kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Nilishika kifundo cha mkono wa mama na kuhesabu dakika nzima: 84 vilevile. Alichokuwa amesikia ni mapigo ya mama mwenyewe.

"Nimekosea wapi, Sista?" akaniuliza.

"Hujampapasa mtoto, mwanangu. Tafuta mgongo wake kwanza."

Hapo ndipo ulipo ubora wa kifaa hiki, na ndiyo sababu ninakipa alama za juu kuliko vyote tulivyo navyo kwa kufundishia. Fetoskopu haikupi kitu usipojua mtoto amelalaje. Ni lazima upapase tumbo kwa viganja vyote viwili, utambue upande wa mgongo na mahali kichwa kilipo, ndipo usimike mdomo mpana juu ya bega la mtoto, ubane kisahani kwa sikio, uachie mkono, kisha uhesabu dakika nzima huku vidole vyako vikiwa kwenye mshipa wa mama ili usichanganye mioyo miwili. Mwanafunzi alipapasa, akausogeza mdomo wa pembe chini ya kitovu upande wa kushoto, akanyamaza. Alipoinua kichwa alikuwa na machozi. Mapigo yalikuwa 136, akayaandika kwa mkono wake kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, na kuanzia hapo akarudia kila baada ya nusu saa.

Kasoro zipo, na mnunuzi azijue. Mti haupaswi kulowekwa katika maji ya klorini, kwani hupasuka. Sisi huufuta kwa spiriti kila baada ya mama mmoja na kuuacha ukauke. Kelele za wodi huharibu usikivu. Mkunga akikandamiza kupita kiasi, mama huumia. Wakati wa kusukuma, tunapotakiwa kusikiliza kila baada ya dakika 5, na mama amechuchumaa au amelala ubavu, kuinama na pembe hii ni kazi ngumu, na hapo ningechagua kipimo cha betri bila kusita kama kina chaji.

Kasoro inayoniuma zaidi ni kwamba mama hasikii. Kipimo cha betri humpa sauti ya mwanawe, na nimewaona wanawake wengi wakitulia kwa sauti hiyo. Mama yule alipouliza kama mtoto ni mzima, mwanafunzi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, alibaki na sikio kwenye fetoskopu, akauchukua mkono wa mama na kumgongea kiganjani kwa kidole kila pigo alilolisikia. Mama alifumba macho akahesabu naye. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kufanya hivyo, na sasa ninawafanyia wote.

Mtoto wa kike alizaliwa saa 10:20 jioni, akalia papo hapo.

Anayetaka kuchongesha yake amwambie fundi atumie mti uliokauka vizuri, apige msasa tundu la ndani hadi liwe laini, na kisahani kiwe bapa na kipana cha kutosha kulifunika sikio lote, kwa sababu kikiacha upenyo mdogo tu, sauti hupotea. Kabla ya kuilipia, iweke kwenye mkono uliovaa saa ya mshale. Usiposikia saa hiyo waziwazi, irudishe kwa fundi.