Mashine ya Kusaga Nafaka: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe

Anayefungua mashine ya kusaga kijijini au pembezoni mwa mji hununua kitu kimoja kikubwa mara moja, na akikosea hubaki na kosa hilo kwa miaka. Nimesimamia mashine za kusaga na kukoboa mahindi mkoani Morogoro kwa miaka kumi na minne. Katika muda huo nimenunua tatu, na moja kati ya hizo nisingeinunua tena hata kwa nusu ya bei. Mpangilio uliomo humu umetokana na swali moja ambalo wanunuzi wengi hulifikia wakiwa wamechelewa, yaani mashine itasimama siku ngapi msimu wa mavuno ukifika. Baada ya hilo ndipo natazama umeme au mafuta yanayotumika kwa kila debe. Bei ya kununulia inakuja ya tatu.

Mashine ile niliyojutia ilikuwa ya kuagizwa, nzuri kwa macho, na muuzaji alinihakikishia kwamba vipuri vyake vipo tele. Mwezi wa saba, mahindi yakiwa yameanza kuingia kwa wingi, beringi ya upande wa puli ilianza kulia, na kabla ya jioni shafti ilikuwa inatikisika. Fundi alipoifungua tulikuta beringi ya vipimo vya inchi, ilhali maduka ya vipuri niliyoyazunguka mjini yalikuwa na za milimita tu. Tulisimama siku tisa. Mama mmoja jirani, ambaye kila Jumamosi alikuwa akileta debe lake, alipita mlangoni na ndoo kichwani akauliza, “Mwanangu, mashine imepona?” Nikamjibu, “Bado, mama, tunasubiri kifaa.” Akanipa pole, akaendelea hadi mashine ya pili. Sikumwona tena kwangu mpaka mavuno ya mwaka uliofuata.

Nafasi ya kwanza: kinu cha nyundo na mashine ya kukoboa, kila kimoja na mota yake, kwa umeme wa njia tatu

Kwa biashara ya kusagia watu mahindi, hii ndiyo ninayoiweka mbele ya nyingine zote, mradi iwe imetengenezwa na karakana iliyo karibu kiasi kwamba aliyeichomelea anaweza kufika siku hiyohiyo unapompigia simu. Ndani ya kinu cha nyundo kuna vipande bapa vya chuma vinavyoning’inia kwenye shafti, na shafti ikizunguka kwa kasi vipande hivyo huipiga nafaka mpaka iwe ndogo ya kutosha kupita kwenye matundu ya chekeche. Uzuri wake ni kwamba kila nyundo ina pembe nne. Pembe moja ikilika unaigeuza, na ikiwa nyundo ina tundu la shafti katika ncha zote mbili, unazitumia pembe zote nne kabla ya kununua seti mpya. Karakana nyingi za hapa nchini hukata nyundo kutoka kwenye springi za lori, chuma kigumu ambacho hakikosekani. Jambo la kusimamia ni uzito tu: nyundo zinazotazamana lazima zilingane, vinginevyo shafti itatikisika na beringi zitakufa mapema.

Usikubali mashine moja ya kukoboa na kusaga inayotumia mota moja kwa kuhamisha mkanda, ikiwa una wateja wa kutosha. Wanaotaka sembe wanahitaji kukobolewa kwanza, wanaotaka dona wanasaga moja kwa moja, na foleni hizo mbili zikilazimishwa kuwa moja watu watachoka kusubiri. Ukiwa na mashine mbili, kijana mmoja anakoboa wakati mwingine anasaga. Isitoshe, ukoboaji huzalisha pumba, na mahali pengi pumba hubaki kwa mwenye mashine, ambaye huwauzia wafugaji wa kuku na nguruwe. Nimeona miezi ambayo fedha ya pumba ililipa umeme wote.

Kuhusu ukubwa wa mota, hesabu yangu ni hii. Mota ya nguvu za farasi 20 ni sawa na kilowati 15 hivi, kwa hiyo ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika hutumia uniti 15 hadi 17. Ikiwa katika saa hiyo imesaga kilo 300 kwa chekeche la milimita moja, kila uniti imesaga takribani kilo 18, ambazo ni kama debe moja. Uniti moja kwa debe moja ndicho kipimo ninachomwomba kila mnunuzi akishike. Nyundo zikilika na chekeche likichakaa, mota ileile itasaga kilo 200 au pungufu kwa saa, LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, itakwenda kwa kasi ileile, na mwenye mashine atadhani bei ya umeme imepanda. Mota kubwa kuliko kazi nayo ni hasara, kwa kuwa inazunguka muda mrefu huku mdomo wa mashine ukiwa mtupu.

Kabla ya kulipia mota, mwite fundi umeme apime volti katika nguzo yako saa moja jioni, wakati kijiji kizima kimewasha taa na televisheni. Umeme wa njia tatu unapaswa kuwa karibu na volti 400 kati ya njia na njia. Ukishuka sana, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi na koili zake huungua. Mota ya ukubwa huu inahitaji pia stata inayoiwasha kwa hatua, kwa sababu mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Muuzaji akikuambia stata ni anasa, tafuta mwingine.

Nafasi ya pili: kinu hichohicho kwa injini ya dizeli

Mahali ambapo umeme wa njia tatu haujafika, au unakatika kila siku saa za kazi, dizeli hupanda hadi nafasi ya kwanza bila ubishi. Injini nzito ya mwendo wa taratibu, ile ya silinda moja inayopoozwa kwa maji ya pipa, ndiyo ninayoiamini, kwa sababu fundi yeyote aliyekulia mashineni anaijua sauti yake na anaweza kuifungua chini ya mwembe. Lita moja ya dizeli husaga madebe matatu hadi manne. Linganisha basi bei ya lita moja na bei ya uniti nne za umeme mahali ulipo, nawe utaona kwa nini mwenye dizeli hutoza zaidi na bado hubakiwa na kidogo. Ukinunua dizeli leo ukitarajia umeme kesho, agiza fremu yenye nafasi na matundu ya kufungia mota baadaye. Moshi nao usitoke ndani ya chumba cha unga. Bomba lake lipite ukutani na kuishia juu ya paa, upande ambao upepo hauurudishi mlangoni.

Nafasi ya tatu: mashine ndogo ya umeme wa njia moja

Hizi ni mashine zenye mota ya nguvu za farasi 3 au chini yake, nyingi zikiwa za kuagizwa, nyingine zikiwa na sehemu ya kukoboa na ya kusaga kwenye fremu moja. Anayezinunua ili asage mahindi ya kijiji atavunjika moyo, kwa kuwa foleni ya watu kumi tu itaifanya iwe ya moto kiasi cha kutogusika. Hata hivyo zina kazi yao halali: kikundi cha kina mama kinachosaga unga wa lishe, pilipili manga, mdalasini au muhogo mkavu, kikifungasha kilo chache kwa siku na kuuza kwa bei nzuri kuliko ya kusagisha. Kwa kazi hiyo chagua iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu katika kila sehemu inayogusa chakula. Kama tundu la kusagia limepakwa rangi kwa ndani, usinunue, maana rangi hiyo itabanduka, na pa kwenda ni kwenye uji wa mtoto.

Vinu vya sahani na vya mawe ninaviweka nafasi ya nne kwa mahindi makavu. Vinafaa kwa karanga na kwa nafaka iliyolowekwa, lakini sahani zikikazwa kupita kiasi husagana zenyewe, na unga hutoka wa moto na wenye chembe za chuma. Mtambo kamili wa rola, wenye hatua nyingi za kuchambua kiini, ganda na unga, ni wa kiwanda chenye uhakika wa mahindi mwaka mzima. Kwa mtaji mdogo uache.

Vitu viwili vya kununua pamoja na mashine

Sumaku kwenye mdomo wa mashine haiwezi kusubiri faida ya kwanza. Mahindi yaliyopigwapigwa kwenye maturubai na kubebwa kwa magunia ya zamani huja na misumari, sindano za kushonea magunia na vipande vya waya. Kipande kimoja kinatosha kutoboa chekeche, na kinachopita huishia kwenye sahani ya mtu.

Cha pili ni kipima unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na ukinunua mahindi mwenyewe ili ufungashe unga, kifaa hiki kitakulinda kila siku. Mahindi mabichi huziba chekeche na kutoa unga unaoshikamana, lakini hatari kubwa zaidi ni kuvu wanaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kusaga hakuiondoi. Unga nao usifungashwe ukiwa wa moto. Utandaze upoe kwanza, la sivyo mvuke utageuka maji ndani ya mfuko. Anayefungasha dona akumbuke kwamba kiini chenye mafuta bado kimo ndani, kwa hiyo unga wake huchacha mapema kuliko sembe.

Kwa anayelenga dukani badala ya foleni ya madebe, ni vyema apite ofisi ya SIDO, shirika la umma la viwanda vidogo, ya mkoa wake kabla ya kununua chochote. Shirika hilo lililoanzishwa mwaka 1973 linawafahamu watengenezaji wa mashine, na hutoa mafunzo ya usindikaji pamoja na barua ya utambulisho ambayo mjasiriamali mdogo huipeleka TBS, shirika la viwango la Tanzania, anapoomba alama ya ubora. Ramani ya chumba ikipangwa mapema, mahindi yakiingia mlango mmoja na unga ukitoka mwingine, hutalazimika kuvunja ukuta baada ya mkaguzi kufika. Arusha kuna TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma zinazobuni mashine, na ushauri wao una thamani kwa anayetaka kitu kisicho cha kawaida.

Siku ya kujaribu mashine

Usilipe fedha yote kabla ya siku hii. Nenda karakana ukiwa na magunia mawili ya mahindi yako mwenyewe, yale ya kwenu na ya unyevu wa kwenu, pamoja na mzani. Kwanza izungushwe tupu. Simamisha sarafu kwa ubavu juu ya fremu; ikianguka mara moja, nyundo hazijalingana au shafti imepinda. Kisha saga mfululizo kwa nusu saa, ukipima kilo zilizotoka na uniti zilizotumika. Mashine ikizimwa na kusimama kabisa, gusa nyumba za beringi kwa kiganja. Kama huwezi kukiacha hapo hata kwa sekunde chache, kuna kasoro. Tazama sakafu kuzunguka saikloni, lile pipa lenye umbo la faneli linalotenganisha unga na upepo, kwa kuwa unga uliotapakaa pale ni unga wa mteja unaopotea na vumbi litakaloingia kwenye mapafu ya kijana wako.

Mwishowe mwombe fundi afungue kifuniko, uandike namba zilizogongwa ubavuni mwa beringi na aina ya mkanda. Peleka karatasi hiyo katika duka la vipuri la mji ulio karibu nawe, na ukivikuta vyote viwili kwenye rafu, nunua kimojakimoja cha akiba, kisha rudi ukalipe salio.