Kumwambia askari kuwa una bastola, au kunyamaza hadi aulize?

Kwa Waswahili wanaoishi Marekani na kubeba bastola kihalali, swali hili hurudi kila gari linaposimamishwa na polisi.

Kisheria, jibu hutegemea jimbo. Michigan inakutaka useme papo hapo bila kuulizwa, na ukinyamaza, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na kusimamishiwa kibali. Ohio, tangu Juni 2022, inakutaka tu ujibu kwa ukweli unapoulizwa.

Upande wa usalama ndio mzito zaidi. Kusema mapema kunafaa pale ambapo pochi yenye leseni imekaa karibu na bastola kiunoni, kwa sababu askari akiiona ghafla huku mkono wako unashuka, atadhani unaichomoa. Hata hivyo, Philando Castile, dereva aliyekuwa na kibali cha kubeba bastola, alisema, tena kwa adabu, huko Minnesota mnamo Julai 2016, akapigwa risasi akiwa kwenye kiti cha dereva, na akafa. Askari aliyempiga aliachiwa huru na mahakama mwaka 2017. Kisa hicho kinaniuma mpaka leo, na sithubutu kumlaumu anayeogopa kusema.

Kunyamaza, pale sheria inaporuhusu, hufupisha mazungumzo, hasa bastola ikiwa imefungiwa kwenye buti la gari na hati zote ziko tayari. Ukichagua kusema, weka kwanza mikono juu ya usukani, taja kibali kabla ya kutaja silaha, wala usiguse kitu hadi uelekezwe.