Kidoti cha kwenye simu kilinipotezea mdogo wangu

Nimeipa hii programu ya kufuatilia wakimbiaji nyota moja kwa sababu sufuri haikubaliki.

Majuzi nilikwenda kumshangilia mdogo wangu, marathoni yake ya kwanza. Nilichagua kusimama kilomita ya 32 makusudi. Pale mwanzoni kila mtu ana wa kumpigia makofi. Ukishapita 30, mwili umemaliza akiba yake na bado zimebaki kilomita kumi na ushee, hapo ndipo mtu anahitaji kusikia jina lake likiitwa. Nikaandika bango, nikawahi, nikapata nafasi kwenye uzio.

Wanaoongoza wala usiwategemee kwa burudani. Kwenye televisheni wanaonekana wametulia kwa kuwa gari la kamera linakwenda nao sambamba. Ukiwa kando ya barabara ni upepo tu. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia Chicago mwaka 2023, saa 2 na sekunde 35, kila kilomita ilimchukua chini ya dakika tatu. Sasa mtu wa hivyo utampigaje picha? Mimi niliambulia migongo, na kisigino kimoja.

Turudi kwenye kidoti, kile kinachomwonyesha mkimbiaji wako kwenye ramani ya programu. Simu ikaniambia amepita kilomita ya 30. Safi. Kidoti kikasogea, 31, kikaja, kikafika nilipo, nikainua bango na kupiga kelele kama kichaa, kidoti kikanipita. Binadamu hakuna. Nikajilaumu kwamba macho yangu yamemkosa kwenye ule msongamano. Nikaegemeza bango kwenye uzio, nikaanza kukimbilia mwisho wa mbio, mimi ambaye ngazi tu zinanitoa jasho.

Kidoti kikafika 35, kikaganda. Dakika tano, kumi, ishirini. Ndipo kijana mmoja wa kujitolea, mpole kweli, akanieleza: kile kidude kilichobandikwa kwenye namba ya kifuani hakijui mkimbiaji yuko wapi. Kinasomwa tu anapokanyaga mkeka, na mikeka hii waliitandika kila baada ya kilomita 5. Katikati ya mkeka na mkeka, programu inakisia kwa mwendo wake wa nyuma. Inakisia! Na mchoro wake unateleza barabarani kwa kujiamini kabisa, bila hata neno "makadirio" kwenye kona. Mdogo wangu alikuwa kwenye hema la huduma ya kwanza kilomita ya 31, misuli ya paja imemkaza, anakandwa. Kidoti kikaendelea kukimbia bila yeye.

Kwa hiyo msiende? Hapana, nendeni jamani. Ile saa ya mwisho, wanapokuja wanaochechemea na wanaotembea huku wanalia, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na mwakani nitarudi. Lakini simu nitaiacha mfukoni.

Alimaliza, anatembea. Neno lake la kwanza: "Dada, nilikutafuta pale."

Kumbe bango aliliona. Mtu asiyemjua alikuwa ameliokota, analiinua kwa kila anayepita, na mdogo wangu alipotokea akalikuta jina lake liko juu mikononi mwa mgeni. Anacheka akisimulia. Mimi bado.

Basi, nyota mbili. Ya pili ni ya huyo mtu wa bango, programu isijisifie.