Nililipia Boston ya 2006, nikapewa ya zamani

Msinunue kwenye duka lile. Hilo naliweka mbele kabisa, kabla hata ya kueleza nilichokifuata, maana hasira hii nimetembea nayo tangu baada ya Pasaka na haijapoa.

Niliagiza CD mbili za Boston, kundi la roki la Marekani, zile za rimasta ya mwaka 2006, yaani kanda za zamani zilizosafishwa sauti upya: albamu ya kwanza inayobeba jina la kundi lenyewe, na ya pili, Don't Look Back. Hela yote nililipa kabla ya mzigo kutoka Marekani. Nikasubiri, nikapigwa danadana za bandarini na za forodhani, mwishowe zikaja. Ya kwanza ilikuwa yenyewe. Ya pili ilikuwa toleo la zamani kabisa, na kijana wa kaunta alilijua hilo.

Nasema alijua kwa sababu nilipoirudisha hakushangaa hata kidogo. Nimesalimia, hakuinua macho kwenye simu. Shikamoo sikudai, lakini hata "karibu" sikuipata. Nikamwonyesha mgongo wa kasha: hakuna 2006, hakuna neno rimasta, ilhali risiti waliyoiandika wao wenyewe inasema rimasta. Akaigeuza mara moja tu, akaisukuma kuirudisha upande wangu. "Mzee, nyimbo si ndiyo zilezile? Hesabu, zimo zote." Nikamwambia sikununua hesabu ya nyimbo. "Sasa huu muziki nani anausikiliza siku hizi? Shukuru hata umepatikana." Akamgeukia mteja mwingine aliyefuata chaja ya simu, mimi nikaachwa nimesimama na risiti mkononi.

Nyimbo ni zilezile! Neno hilo ndilo lililonichoma kuliko hela.

Boston ni kichwa cha mtu mmoja, Tom Scholz. Alisomea uhandisi chuo kikuu cha MIT, akaajiriwa kampuni ya kamera ya Polaroid, na kazi ikiisha alikuwa anajifungia kwenye chumba cha chini ya nyumba yake kule Watertown, Massachusetts, anarekodi magitaa, besi na kinanda mwenyewe, sauti juu ya sauti, mpaka aridhike. Kampuni ya rekodi ilipowasaini ikataka yote yarudiwe kwenye studio ya maana Los Angeles. Prodyuza John Boylan akaenda huko na wanamuziki wengine, wakarekodi wimbo wa Let Me Take You Home Tonight, na kampuni ikadhani albamu inapikwa huko. Kumbe Scholz amebaki chini kwake anaendelea na kazi. Baadaye gari lenye mitambo ya kurekodia lilimfuata nyumbani, nyaya zikapitishwa dirishani. Hiyo ndiyo albamu ya 1976 iliyouza nakala milioni 17 Marekani peke yake. Sasa mtu wa namna hiyo, miaka 30 baadaye, anapata habari kwamba kampuni inataka kuzisafisha kanda zake bila yeye, naye anaomba aifanye kazi hiyo kwa mkono wake. Akapewa, akaifanya. Mkono huo ndio nilioulipia.

Na jamani, unasikika. Muziki huu niliujua kwa kaseti ya kunakili aliyokuja nayo kaka yangu enzi za ubaharia wake, kaseti iliyochezwa mpaka utepe ukalegea. More Than a Feeling haianzi kwa kishindo, inapanda polepole kutoka kwenye ukimya. Kwenye kaseti yetu mwanzo ule ulimezwa na mchakacho, hivyo kwangu miaka yote wimbo ulianzia kati. Safari hii nimeusikia ukija, uzi baada ya uzi wa gitaa, kutoka mbali mpaka ukafika. Makofi ya kwenye kiitikio yakatoka upande wake, safi. Na mwimbaji wao, Brad Delp! Nilizoea kudhani ni kwaya ya watu kadhaa pale juu. Kumbe ni koo moja limepangwa tabaka kwa tabaka, na sasa unaweza kuzifuata, hii ya chini, hii ya kati, ile inayokwenda kusiko na mtu. Delp alifariki Machi 2007, CD hizi hazijamaliza hata mwaka sokoni. Nimeurudia wimbo ule mpaka mke wangu akafunga mlango wa chumba.

Nilipofika Hitch a Ride, kinanda kinapoingia, niliwasamehe wale wa dukani. Kwa dhati kabisa. Niliona hata duka baya likiniletea hiki, basi, yaishe.

Halafu nikaiweka ile ya pili.

Jaribuni A Man I'll Never Be kwenye toleo lile. Piano inaanza vizuri tu, lakini magitaa na kinanda vikishaingia pamoja, sauti inakuwa ya mtu aliyejifunika blanketi. Besi na ngoma huzitenganishi. Delp anapandisha pale pa mwisho, pale ambapo wimbo mzima ulikuwa unapaendea, na badala ya kupasua anazama. Na hii ndiyo albamu ambayo Scholz mwenyewe alilalamika kwamba mwaka 1978 kampuni ilimharakisha, ikatoka kabla hajaimaliza. Ugomvi huo uliishia mahakamani, na albamu ya tatu haikuonekana mpaka 1986. Kama kuna kazi yake iliyostahili kusikilizwa baada ya yeye kuirudia kwa utulivu, ni hiyohiyo niliyonyimwa. Msamaha nimeufuta.

Nilimpigia mwenye duka. Huyo alikuwa na adabu, alisema "samahani sana mzee wangu" na kuahidi kunibadilishia ndani ya wiki. Ahadi imeshapitwa na wiki nyingi, na siku hizi simu yangu inaita tu.

Kwa hiyo niseme nini? Albamu ya kwanza ya 2006 inunueni, hata kama mnayo ya zamani. Duka, nilisema msiende. Sasa nikiwa mkweli, hapa mjini sijapata mwingine anayeagiza vitu hivi, na bila wao mwanzo wa More Than a Feeling nisingeusikia maishani. Lakini kama mnakwenda, msilipe shilingi kabla ya kushika kasha, kuligeuza na kuiona 2006 kwa macho yenu.

Ile ya zamani siichukui kama fidia. Jumamosi nairudisha pamoja na risiti, na safari hii namtaka mwenye duka mwenyewe. Na aliye na Don't Look Back ya rimasta, ya kweli, anitajie bei.