WordPress kwa Tovuti ya Mgahawa: Menyu Iko Vizuri, Oda Zina Masharti

Mteja anayetafuta pa kula saa saba mchana hasomi historia ya mgahawa wako. Ana simu mkononi, bando linakaribia kuisha, na anataka kujua mambo manne: mnapika nini, bei gani, mko wapi, na mmefungua au mmefunga. Tovuti ya mgahawa ipimwe kwa hayo, tena kwenye skrini ya kwanza ya simu, kabla hajaanza kusogeza kidole. Kwa kipimo hicho tunaipitia WordPress, programu ya kujengea tovuti, pamoja na plagini (programu ndogo ya nyongeza) yake ya mauzo, WooCommerce.

WordPress ziko mbili. Ya wordpress.org ni programu huria iliyotoka mwaka 2003. Unaipakua na kuiweka kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) unayokodi mwenyewe. Ya wordpress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic inayokuhifadhia kila kitu. Tunayoizungumzia hapa ni ya kwanza. Neno "bure" limewaponza wengi: programu hailipiwi, lakini domeni (jina la anwani ya tovuti) inalipiwa kila mwaka, seva inalipiwa, na fundi naye anataka ujira wake.

Sababu kubwa ya kuichagua ni kwamba kazi inabaki yako. Migahawa midogo mingi ilikuwa inatumia tovuti za bure zilizotengenezwa ndani ya wasifu wa biashara wa Google, zile zenye anwani ya business.site. Machi 2024 Google ilizizima. WordPress unaweza kuihamisha kutoka seva moja hadi nyingine na anwani ikabaki ileile. Sharti ni moja: domeni, iwe ya .co.tz au .co.ke, isajiliwe kwa jina la mgahawa na kwa barua pepe ya mwenye mgahawa. Ikisajiliwa kwa jina la fundi, siku akibadilisha namba au mkikosana, anwani iliyochapwa kwenye menyu, kwenye risiti na kwenye mabango haiko mikononi mwako tena.

Kwenye menyu ndipo WordPress inapong'ara. Ukurasa wa kawaida, vichwa vya sehemu (vitafunio, supu, wali, samaki, vinywaji), na chini yake mistari kama huu: "Pweza wa nazi, kwa wali na kachumbari, Sh 18,000". Basi. Hayo ni maandishi, kwa hiyo Google inayasoma, na anayetafuta "pweza wa nazi" anaweza kukuona. Menyu ya PDF au picha ya menyu ya mezani inamlazimisha mteja kukuza na kusogeza kushoto na kulia, na bei ikipanda lazima umtafute aliyeitengeneza. Kwa ukurasa wa maandishi, meneja anaingia, anabadilisha 18,000 kuwa 20,000, anabonyeza kitufe cha kusasisha. Dakika moja. Mfungulie akaunti ya ngazi ya Mhariri. Ya Msimamizi abaki nayo mwenye mgahawa na fundi tu.

Picha ndizo zinazoua tovuti nyingi za migahawa. Picha ya simu ya kisasa hufika MB 4 au 5. WordPress tangu toleo la 5.3 inapunguza picha kubwa hadi pikseli 2560, lakini hiyo bado ni kubwa mno kwa sahani ya biriani kwenye skrini ya simu. Ipunguze kabla ya kuipandisha: upana wa pikseli 1200, umbo la faili la WebP (linapokelewa tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021), na uzito usizidi KB 150. Picha tano za MB 4 ni MB 20 za bando la mteja; zikitengenezwa hivi hazifiki hata MB 1. Picha kubwa ya juu kabisa ipakiwe papo hapo, isicheleweshwe. Za chini ndizo zisubiri mpaka mteja azifikie. Zile picha zinazopishana zenyewe juu ya ukurasa ziondolewe. Mteja haoni ya tatu, lakini anazilipia zote. Pima kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya tovuti, upande wa simu: kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Themu (violezo vya mwonekano wa tovuti) nyingi za migahawa zinazouzwa ni nzuri kwenye kompyuta ya muuzaji, zikiwa na vichezeo ambavyo mgahawa hauvihitaji. Chagua nyepesi. Na themu ya kulipia inayogawiwa bure mitaani, kimbia: mara nyingi imepachikwa msimbo unaowafungulia wadukuzi mlango wa nyuma, na siku moja wateja wako watajikuta kwenye kurasa za kamari.

Saa za kufungua zinahitaji uangalifu wa pekee kwetu. Mswahili akisoma "saa 1 asubuhi hadi saa 5 usiku" ameelewa. Fundi akizihamisha tarakimu hizo kama zilivyo kwenye ukurasa wa Kiingereza, mgeni aliyeko Mji Mkongwe anasoma kwamba mnafungua saa saba usiku na kufunga saa kumi na moja. Andika "saa 1 asubuhi (07:00) hadi saa 5 usiku (23:00)", na kwenye wasifu wa Google weka 07:00 na 23:00. Mfungo wa Ramadhani ukikaribia, tumia sehemu ya saa maalumu ya Google, na ubadilishe tovuti siku hiyohiyo. Mteja akikuta tovuti inasema hivi na ramani inasema vile, haamini hata moja.

Halafu kuna saa ya WordPress yenyewe. Ikisakinishwa bila kurekebishwa, mara nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Meza iliyoombwa saa 3 usiku itasomeka kwamba iliombwa saa 12 jioni, na plagini inayofunga kupokea oda saa 4 usiku itaendelea kupokea mpaka saa 7, jikoni kukiwa kumeshafagiliwa. Nenda kwenye mipangilio ya jumla, chagua Dar es Salaam au Nairobi. Ni jambo la sekunde kumi, na husahaulika sana.

Fomu ya kuhifadhi meza nayo ina ugonjwa wake. Mteja anajaza, anaoneshwa "asante, tumepokea", kumbe barua pepe haikufika popote. Chanzo ni kwamba WordPress huituma moja kwa moja kutoka kwenye seva bila kuthibitisha utambulisho, na Gmail inaitupa kwenye barua taka au kuikataa. Dawa ni plagini ya SMTP inayotuma kupitia akaunti halisi ya barua pepe, pamoja na rekodi za SPF na DKIM kwenye domeni, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Baada ya hapo jaza fomu mwenyewe kila wiki uone kama inafika.

Sasa WooCommerce. Ni programu nzuri, lakini ilitengenezwa kwa duka, na mgahawa una mambo yake. Sarafu ya shilingi ipo, ila bei huja na desimali mbili, "18,000.00"; weka idadi ya desimali kuwa sifuri. Ukurasa wa malipo unadai barua pepe, na mteja wa chipsi kuku hana haja ya kuandika barua pepe. Maeneo ya kupeleka hugawanywa kwa nchi, mkoa au msimbo wa posta. Bila msimbo wa posta, Sinza na Mbagala kwake ni Dar es Salaam tu. Njia ya kulizunguka hilo ni kuunda nauli kadhaa zenye majina, "Sinza na Kijitonyama" bei hii, "Mbezi" bei ile, mteja achague mwenyewe. Inafanya kazi, ila kaunta lazima ihakikishe kabla bodaboda hajaondoka, maana wapo watakaochagua ya karibu.

Kwenye malipo kosa linauma zaidi. Chukua M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa: tovuti inatuma ombi, simu ya mteja inaonesha kidirisha, anaweka PIN, kisha jibu linarudi kwenye anwani maalumu ya tovuti yako. Anwani hiyo iwe ya https (muunganisho salama) na ifikike kutoka nje. Plagini ya ulinzi ikiizuia, pesa ya mteja imekatwa lakini oda inabaki "inasubiri malipo", na jikoni hawaioni. Kwa mpangilio wake wa awali WooCommerce huibatilisha oda isiyolipiwa baada ya dakika 60. Mteja kalipa, kakaa na njaa, halafu anaambiwa oda yake imefutwa. Kwa hiyo jaribu kwa kiasi kidogo kila baada ya sasisho, na ukurasa wa kikapu na wa malipo usiwekwe kwenye kache (nakala za kurasa zinazotunzwa ili zifunguke haraka).

Kwa mgahawa ambao hauna mtu wa kukaa na skrini ya oda muda wote wa kazi, ushauri wetu ni kuiacha WooCommerce. Weka vitufe viwili vinavyobaki chini ya skrini: "Piga" na "Agiza WhatsApp". Kiungo cha WhatsApp ni wa.me/ kisha namba ikianza na 255 au 254, bila alama ya jumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika 25507 badala ya 2557, kitufe kitafunguka lakini hakitampata mtu. Namba ya kulipia (Lipa namba) iandikwe pamoja na jina linalotokea mteja anapolipa, ili ahakikishe kabla ya kuweka namba ya siri.

Matunzo ndiyo gharama halisi ya WordPress. Sasisho za programu, themu na plagini zifanywe kila wiki, asubuhi kabla wateja hawajaanza, si Ijumaa jioni. Nakala rudufu ichukuliwe kwanza, kwa mfano kwa plagini ya UpdraftPlus, na ihifadhiwe nje ya seva, maana seva ikianguka nakala iliyomo ndani inaanguka nayo. Plagini usiyoitumia ifute, usiizime tu. Cheti cha usalama cha Let's Encrypt, kinachoiwezesha tovuti kutumia https, hudumu siku 90. Seva nyingi hukihuisha zenyewe, ila kikigoma mteja anakutana na onyo jekundu badala ya menyu.

Siku ya kukabidhiwa, kabla ya kumalizia malipo ya fundi, uwe na hivi mkononi: akaunti ya domeni, akaunti ya seva, akaunti ya Msimamizi wa WordPress, umiliki wa wasifu wa Google, na nakala rudufu moja iliyorejeshwa mbele yako ikafunguka.